AC zote nne zinapoza vizuri, lakini saa tisa alasiri ofisi nzima kichwa kinauma. Nimweleze vipi bosi gharama ya hewa?

MamaNasra

Habari zenu wakuu.

Mimi ni afisa utawala kwenye ofisi ya watu 23, ghorofa ya nne, Posta, Dar es Salaam. Mimi ndiye ninayenunua umeme wa LUKU, ninayeita mafundi na ninayetunza mafaili ya likizo. Naomba mnisaidie jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Machi.

Jengo letu ni la vioo. Madirisha mengi hayafunguki kabisa. Mawili yanayofunguka yanaangalia barabara, ukiyafungua unaletewa vumbi, honi na moshi wa magari, kwa hiyo tuliyafunga tukasahau. Tuna AC nne za ukutani na kapeti tuliyoikuta, ya mpangaji aliyetutangulia. Asubuhi ofisi inapendeza. Ikifika saa saba miayo inaanza, na saa tisa unamwona mtu ameikodolea kompyuta macho lakini mkono hauendi. Binti wa mapokezi macho yanamwasha. Mhasibu wetu ana pumu, ameshahama meza mara mbili kuikimbia AC iliyo juu yake. Halafu kuna harufu, kama taulo lililokunjwa bichi likasahauliwa kabatini. Kinachonishangaza ni kwamba watu wakitoka nusu saa kwenda kula wanarudi wazima.

Mwezi uliopita kaka yangu aliniazima kimashine cha kupima hewa ukaa. Nilikiweka mezani kwangu nikawa naandika kwenye daftari. Saa mbili na nusu asubuhi, watu hawajajaa: sehemu 560 kwa milioni. Saa tano: 1,240. Saa tisa alasiri: 1,910. Nikakitoa kwenye korido ya wazi, baada ya dakika kumi kikashuka mpaka 450. Nimerudia siku tatu, mwendo ni ule ule.

Nikafungua faili la likizo. Januari mpaka mwisho wa Juni tumepoteza siku 61 za ugonjwa, nyingi za siku moja moja: mafua, kikohozi, kichwa.

Bosi wangu ni mtu mwema na ananisikiliza, ila anataka namba. Aliniuliza, "Hiyo hewa itanigharimu shilingi ngapi kwa mwezi, na itanirudishia shilingi ngapi?" Nilikosa jibu. Fundi mmoja alinitajia milioni 3.4 kwa feni mbili za kuingiza hewa, mabomba yake na kukata vioo. Akasema na umeme utapanda. Nilipomuuliza utapanda kiasi gani, akasema "kidogo tu".

Wenye uzoefu, nipeni hesabu ninayoweza kuiweka mezani kwa bosi nikaitetea.

MtuWaHesabu

Pole dada. Nakuomba jambo moja kabla hujaenda kwa bosi: usimwambie siku zote 61 ni za hewa. Kwa watu 23 ni kama siku mbili na nusu kwa mtu kwa nusu mwaka. Humo ndani kuna malaria, kuna mafua yaliyotoka kwa mtoto nyumbani, kuna aliyelala vibaya mgongo ukauma. Atakukamata kwenye swali la kwanza na hoja yako yote itaanguka, wakati hoja unayo. Kile ulichoandika kwenye daftari, mara tatu, kwa saa zake, kina nguvu kuliko faili la likizo.

FundiBaridi

Mama Nasra, salaam. Nafunga na kutengeneza viyoyozi hapa mjini mwaka wa 17 sasa, na maelezo yako nayasikia kila wiki.

Kwanza tuelewane kuhusu AC za ukutani. Watu wengi, hata wenye majengo, wanaamini inavuta hewa kutoka nje kwa sababu kuna mashine nje. Ile ya nje inatupa joto tu. Mabomba mawili ya shaba yanayopita ukutani yamebeba gesi, hakuna hewa inayopita humo. Ile ya ndani inavuta hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha chumbani. Kwa hiyo hewa mnayovuta saa tisa ni ya asubuhi ile ile, imezungushwa siku nzima na imeshapita kwenye vifua 23.

Kimashine chako kinasema kweli. Nje hewa ukaa ni kama sehemu 420 kwa milioni. Mtu aliyekaa anatoa kama lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Ukimpa kila mtu lita 10 za hewa ya nje kila sekunde, chumba kinatulia kwenye 900 na kitu. Ninyi mmefika 1,910, maana yake kila mmoja anapata lita tatu na kidogo, zile zinazopenya kwenye nyufa na mlango ukifunguliwa. Kwa kiwango hicho hewa ukaa peke yake siyo ya kuogopa kama sumu. Inakuonyesha tu ni kiasi gani cha kila kitu kingine kinabaki ndani: harufu, vijidudu vya mafua, mvuke wa kapeti na wa tona ya fotokopi. Mjerumani Max von Pettenkofer wa Munich alilisema hilo mwaka 1858 akaweka mpaka wa 1,000, na mpaka leo mafundi tunautumia.

Sasa shilingi. Mchana wa Dar wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kuzishusha lita 10 za hewa kila sekunde mpaka nyuzi 24 kunataka ubaridi wa kama wati 420. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukausha ule unyevu, kuliko hata kushusha joto. AC yenye afya inatoa wati tatu za ubaridi kwa wati moja ya umeme, kwa hiyo ni wati 140 za umeme kwa mtu. Zidisha kwa saa nane, ni uniti 1.1. Uniti pamoja na kodi zake ni kama shilingi 356. Inakuja shilingi 400 kwa mtu kwa siku, haifiki nauli ya daladala. Kwa siku 22 za kazi ni 8,800, na kwa watu wote 23 ni kama laki mbili na elfu mbili kwa mwezi. Nimekupigia hesabu ya juu, kana kwamba sasa hivi hamna hewa kabisa na kila siku ni ya jua kali. Feni zenyewe hazili kitu, kama uniti moja kwa siku zote mbili.

Lakini kabla ya feni, shughulikia ile harufu. Chukua ngazi, fungua kava la mbele la AC, chomoa filta, mulika tochi ya simu ndani. Utaona pangaboi refu limelala kama gunzi la muhindi. Kama kati ya mapezi yake kuna utando mweusi ulioganda, hapo ndipo taulo lako lilipo. Ni kuvu imeota kwenye vumbi bichi, na kila ukiwasha AC inapulizwa usoni kwa mhasibu mwenye pumu. Kupuliza filta kwa mdomo hakusaidii. Mwambie fundi afunge mfuko wa nailoni chini ya mashine, aoshe pangaboi na mapezi ya alumini kwa pampu na dawa, asafishe trei ya maji na azibue bomba lake. Wateja wangu nawatoza elfu 40 kwa mashine. AC safi inakula umeme kidogo kuliko chafu, na hapo utaokoa sehemu ya laki mbili zako.

Halafu angalia rimoti. Naapa mmeweka 18 au 19. Panda mpaka 24. India wameagiza tangu Januari 2020 kwamba AC za chumba zitoke kiwandani zimewekwa 24, na joto la kule unalisikia.

Muuguzi_Tanga

Mama Nasra, huyo mhasibu msimchukulie kama mtu wa kulalamika. Mwenye pumu kukaa chini ya mashine yenye kuvu ni hatari kweli, aonane na daktari na ahakikishe ana dawa yake ya kuvuta mezani, siyo kwenye mkoba nyumbani.

Nina neno lingine ambalo hesabu za umeme hazilionyeshi. Nchi yetu bado ina kifua kikuu kingi, na kinaenea kwa hewa ya ndani inayokaa bila kubadilishwa. Kuna utafiti wa Lima, Peru, uliochapishwa 2007, walipima vyumba 70 kwenye hospitali 8. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari refu na madirisha makubwa, yakifunguliwa yalibadilisha hewa kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo. Ukipita mjini kwenye majengo ya zamani yenye veranda na madirisha yanayotazamana, waliojenga walijua upepo wa bahari unatoka wapi. Sisi tumejenga vioo tukauzuia, kisha tunatafuta pesa za kuuleta ndani.

Msimamizi_NRB

Salamu kutoka Nairobi, dada. Nasimamia jengo la ofisi huku miaka tisa. Fundi amekueleza vizuri, nami naongeza mambo mawili ambayo nimeyalipia.

La kwanza ni ramani ya nyuma ya jengo. Tulifunga feni ya kuingiza hewa upande uliokuwa kimya, tukafurahi. Wiki ya tatu stima ikapotea, jenereta ikawaka, na bomba lake la moshi lilikuwa chini kabisa ya feni yetu, ghorofa mbili tu. Moshi ulivutwa moja kwa moja hadi kwenye meza za watu. Wafanyakazi wawili walitapika, mmoja alianguka kwenye ngazi akishuka. Nilikaa naye hospitalini mpaka saa nne usiku. Ule moshi una hewa ambayo huioni wala huinusi, na inaua. Tafadhali, kabla kioo hakijakatwa, simama pale dirishani siku jenereta inawaka, chungulia chini, kisha angalia upepo unaelekea wapi. Pia feni iunganishwe izime yenyewe jenereta ikiwaka.

La pili ni mwenye jengo. Wewe mpangaji ndiye unalipa umeme na mishahara, yeye ndiye mwenye kioo. Faida yote ya hewa inakuja kwako, kwa hivyo yeye hana haraka. Mwandikie barua, mweleze kwamba vioo vilivyotolewa vitahifadhiwa na kurudishwa mkihama. Kwetu hilo ndilo lililomlainisha. Sheria ya usalama na afya kazini, yenu ya 2003 na yetu ya 2007, zote zinataka mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha, na ukiitaja kwa heshima barua inasomwa haraka zaidi.

Usiogope bosi akisema umeme ni ghali. Marekani walibana hewa baada ya bei ya mafuta kupanda 1973. Kufikia 1981 kiwango cha chama cha wahandisi wao wa viyoyozi, ASHRAE, kilikuwa lita 2.5 tu kwa mtu kwa sekunde. Malalamiko ya macho, kichwa na uchovu maofisini yakazidi, na 1989 wakapandisha hadi lita 10 kwa ofisi. Dada, wewe uko karibu na zile 2.5.

MtuWaHesabu

Nimerudi, kwa sababu namba za Fundi zimeniwezesha kukamilisha upande wa pili.

Sijui mishahara yenu. Nachukulia wastani wa 900,000, wewe weka wa kwenu. Kwa watu 23 ni milioni 20.7 kwa mwezi. Asilimia moja yake ni 207,000. Linganisha na umeme wa Fundi, 202,000. Yaani kila mtu akifanya kazi asilimia moja zaidi, umeme umejilipa.

Ongeza ile milioni 3.4. Ukiigawa kwa miaka mitano ni kama 57,000 kwa mwezi. Jumla 259,000, ambayo ni asilimia 1.25 ya mishahara. Kwenye siku ya saa nane hizo ni dakika sita kwa kila mtu. Muulize bosi: ile saa tisa mpaka saa kumi na moja anayoiona kila siku, je, tunapoteza dakika sita au zaidi? Yeye mwenyewe atajibu.

Sasa ugonjwa, kwa tahadhari niliyokupa mwanzo. Mwaka 2000 Donald Milton na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi 3,720 wa kampuni moja kubwa ya Massachusetts, kwenye majengo 40. Waliokuwa kwenye majengo ya lita 12 za hewa ya nje kwa mtu kwa sekunde walichukua likizo fupi za ugonjwa nyingi kuliko wa lita 24, na wakakadiria asilimia 35 ya likizo hizo inatokana na upungufu huo. Ninyi hata hizo 12 hamna. Siku moja ya mtu wa 900,000 ni kama 41,000, siku 61 ni karibu milioni mbili na nusu. Chukua theluthi moja, ni kama 138,000 kwa mwezi. Hii iandike kwenye mstari wake peke yake, chini, na useme wazi ni makadirio. Hata bosi akiikata yote, zile dakika sita zinabaki zimesimama.

Utakutana mtandaoni na hesabu ya watu wa Harvard ya 2015: gharama chini ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka, faida dola 6,500. Usimpelekee. Ni mishahara ya Marekani, na ataona unamletea ndoto.

Ila hii mpelekee. Mwaka 1999 huko Denmark, Pawel Wargocki na wenzake waliweka zulia la miaka 20 nyuma ya kiwambo kwenye chumba cha ofisi. Wanawake 30 walifanya kazi humo bila kujua siku gani zulia lipo na siku gani limeondolewa. Siku ambazo halikuwepo walichapa maneno asilimia 6.5 zaidi. Nimeikumbuka kwa sababu ya ile kapeti yenu ya kurithi. Kuing'oa hakuli umeme hata uniti moja, mwezi huu wala mwaka ujao.

MamaNasra

Wakuu, nimekaa kimya wiki sita kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Mungu awabariki, nimetumia karibu kila mlichoandika.

Tulianza na kuosha. Fundi alipomulika tochi nilipanda ngazi mwenyewe nikaona. Pangaboi lilikuwa jeusi, ukigusa kwa kidole unaacha alama kama kwenye sufuria ya mkaa. Maji yaliyoshuka kwenye nailoni ndoo ya kwanza yalikuwa kama wino, ya pili kama chai ya rangi, ya tatu ndiyo yakaanza kuonyesha kitako cha ndoo. Nikapiga picha nikamtumia bosi bila maneno. Alikuja kusimama pale mpaka AC ya nne ikaisha.

Harufu ilikwisha siku ile ile. Lakini kesho yake saa tisa kimashine kikasoma 1,860. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya FundiBaridi mpaka ndani: tumesafisha mashine, hewa ni ile ile. Nilimwonyesha bosi daftari, nikampa karatasi moja ya MtuWaHesabu niliyoiandika upya kwa mishahara yetu halisi. Mstari wa ugonjwa aliupigia alama ya kuuliza kweli. Kwenye dakika sita alikaa kimya, akasema, "Funga feni moja kwanza tuone."

Kapeti tumeing'oa Jumamosi. Chini yake, karibu na dirisha, kulikuwa na duara jeusi la maji ya mvua za miaka sijui mingapi.

Mwenye jengo alikataa barua ya kwanza. Ya pili nikaweka ahadi ya kurudisha kioo, akakubali kwa sharti la upande wa nyuma. Upande wa nyuma ndio wenye jenereta. Msimamizi, nilisimama pale dirishani siku umeme umekatika, na moshi ulipanda mpaka usoni kwangu. Nikarudi kwake na video. Sasa feni ipo upande wa ubavuni, juu ya uchochoro, na inazima jenereta ikiwaka. Bila wewe tungeifunga pale pale.

Kwa feni moja saa tisa inasoma 1,150. Rimoti zote ziko 24, tulikuwa 19 kama Fundi alivyoapa. Uniti zimepanda kutoka 71 kwa siku hadi 76, yaani kama 1,800 kwa siku kwa ofisi nzima. Bosi ameidhinisha feni ya pili mwezi ujao. Mhasibu ameonana na daktari, na wiki iliyopita alirudi mwenyewe kwenye meza yake ya zamani.

Nina swali dogo kwa FundiBaridi. Filta ya feni nimeitoa Ijumaa, ina siku 19 tu, upande wa nje imekuwa rangi ya kahawa. Niibadilishe kila baada ya muda gani?

FundiBaridi

Mama, hongera sana. Usifuate kalenda, maana kiangazi na masika vumbi si moja. Fuata kimashine. Namba ya saa tisa ikipanda kwa 100 hivi na watu ni wale wale, filta imeziba. Kwa uchochoro wa Posta nakisia wiki sita mpaka nane, na katikati yake ikung'ute nje, usiioshe kwa maji kama ni ya karatasi. Nunua tatu kwa pamoja ukae nazo stoo.

Na ile sehemu yenye duara jeusi, msiweke kitu juu yake mpaka mjue maji yanaingilia wapi.